Kujifundisha Lugha ya Kigeni: Ni Nani Atakayekusahihisha?

Mtu atakaye kujifundisha lugha ya kigeni peke yake, kwa desturi swali lake la kwanza ni hili: "Ninunue kitabu gani?" Swali hilo ni jema, lakini limekuja kabla ya wakati wake. Liko jingine lipasalo kulitangulia, nalo ni hili: "Nitakapokosea, ni nani atakayeniambia kwamba nimekosea?" Kitabu hukaa kimya. Ukitamka neno vibaya mbele yake, hakishtuki. Ukiligeuza jambo juu chini, hakikucheki. Mtu aweza kukisoma miaka mitatu, na makosa ya siku ya kwanza akawa nayo bado, tena yamekuwa magumu kama mti uliokauka ukiwa umepinda. Wazee walisema, Nyani haoni kundule. Neno hilo lilisemwa juu ya tabia za watu, lakini lafaa kabisa katika habari za lugha.

Katika makala hii nataka kuonyesha kwamba chombo cha kujifundishia lugha ni chema kwa kadiri kinavyomsahihisha mwanafunzi. Na kwamba hata mtu akaaye mbali na wenye lugha aweza kujipatia wasahihishaji kwa vitu vichache vilivyo karibu naye.

Sababu ya kuliandika jambo hili

Jambo hili lina uzito katika wilaya ya Kibiti na katika visiwa vya delta ya Rufiji. Mtoto wa Salale, au wa Maparoni, au wa Kiongoroni, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nacho ndicho alichokulia. Akifaulu kuingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali, jiografia, hesabu na elimu ya viumbe humjia kwa Kiingereza. Mpango wa namna hii ulithibitika mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki katika sekondari.

Sasa tazama litokealo. Mtoto yule ajua vema kwa nini maji ya chumvi yakipanda huua mpunga. Amemwona baba yake akiliacha shamba kwa sababu hiyo. Ajua maji yatajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi, maana safari zote za mtumbwi hufuata maji. Lakini akiulizwa mambo hayo katika karatasi ya mtihani, hukaa kimya au huandika maneno yasiyoshikamana, akahesabiwa kuwa mjinga wa jambo alilokua nalo. Hakukosa maarifa, amekosa lugha ya kuyatolea. Nyumbani kwao hakuna asemaye Kiingereza, na mwalimu wake hawezi kukaa na kila mwanafunzi kumsahihisha neno kwa neno. Basi apende asipende, sehemu kubwa ya kazi hii itakuwa yake mwenyewe, jioni, kwa taa.

Wengi wa vijana hawa si wavivu. Hununua kamusi ndogo, wakaanza herufi ya kwanza, wakakariri maneno kumi kwa siku. Baada ya mwaka wamekwisha kuyajua maneno mengi, lakini hawawezi kuomba maji ya kunywa. Kasoro haiko katika bidii yao. Iko katika chombo walichokitumia, kwa sababu orodha ya maneno haimwambii mtu kama amelitumia neno mahali pake.

Watu wa zamani walifanyaje?

Yafaa kuwatazama watu waliojifunza Kiswahili wakati hakuna kitabu cha kukifundishia, tuone walisaidiwa na nini.

Dokta Ludwig Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka ule ule mke wake na mtoto wake mchanga walikufa kwa homa. Hakuwa na sarufi ya Kiswahili, maana hapakuwa na sarufi iliyopigwa chapa. Ile ya kwanza aliitunga yeye mwenyewe, ikatoka Tübingen mwaka 1850. Alijua Kiarabu na lugha za Uhabeshi, nazo zilimfaa, lakini hazikuwa Kiswahili. Hata hivyo, katika mwaka ule ule wa 1844 alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo. Aliwezaje? Alisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Mmisionari na kadhi hawakuwa wa dini moja. Lakini mmoja alikuwa na haja ya lugha, na wa pili alikuwa na lugha, wakafanya kazi pamoja. Kamusi kubwa ya Krapf ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake.

Mwaka 1864 Edward Steere alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Baadaye naye akawa askofu. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870. Lakini mwaka huo huo alitoa kitabu kingine, nacho kwa habari yetu hii kina mafunzo zaidi: mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili upande mmoja wa kitabu na Kiingereza upande wa pili. Hakukusanya maneno peke yake. Aliwaacha wenye lugha waseme kisa kizima, tangu mwanzo hata mwisho, akapata kuona neno likiwa kazini: lilivyofuatana na wenzake, na lilivyobadilika kwa mnenaji na kwa mnenwa. Tena alikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na vijana wa misheni wakafanya kazi hapo. Mtu ambaye maneno yake hupita mikononi mwa wenye lugha kabla hayajatoka hawezi kukaa na kosa siku nyingi.

Mfano wa tatu ni wa Berlin. Mwaka 1887 Wajerumani walianzisha huko chuo cha lugha za Mashariki, na Kiswahili kikafundishwa humo. Walikuwa na maprofesa, na sarufi, na kamusi, na maktaba. Juu ya hayo yote waliona hapana budi kumweka mwenye lugha karibu na mwanafunzi. Ndiyo maana Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikuwa Berlin tangu mwaka 1900 akifundisha Kiswahili. Na maandiko yake ndiyo sehemu kubwa ya kile kitabu cha desturi za Waswahili alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Ikiwa watu wenye vitabu vingi vile walihitaji sikio la Mtoro, je, sisi wenye kamusi moja?

Lugha ya boriti

Hata deltani kwetu pana habari ya namna hii. Kwa miaka mingi majahazi ya Waarabu yalikuja kwa msimu wa kaskazi, yakaingia katika mito ya delta kupakia boriti za mikoko, yakarudi na kusi hata Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia wa Australia, alifika deltani katika jahazi la Wakuwaiti lililokuja kwa kazi hiyo, akaiandika habari ya safari katika kitabu.

Mabaharia wale hawakuwa na kitabu cha Kiswahili, wala wakataji wa mikoko hawakuwa na kitabu cha Kiarabu, na biashara ikaenda. Kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa msahihishaji. Mtu akitaja boriti naye ataka pau, huletewa boriti. Akikosea hesabu ya korja, ambayo ni ishirini, hasara humfundisha kabla ya jua kuchwa. Hakuna mwalimu mkali kama huyo. Lakini mwalimu huyo ana mpaka: husahihisha yale tu yaliyo katika biashara. Mtu aweza kujua bei na hesabu na majina ya miti miaka ishirini, na asiweze kueleza ugonjwa wake kwa mganga wala madai yake kwa hakimu. Majahazi yale hayaji tena kama zamani, lakini funzo lake lingali nasi: mwanafunzi hufika pale msahihishaji wake anapofika, wala hapiti hapo.

Basi kijana wa deltani hana Sheikh Ali wa Kiingereza. Afanyeje? Nitataja njia nne. Kila moja husahihisha kitu kimoja: ya kwanza sikio, ya pili sentensi, ya tatu kumbukumbu, na ya nne usemi.

Njia ya kwanza: imla

Kiswahili kina irabu tano tu, nasi huandika kama tutamkavyo. Kiingereza kina herufi tano za irabu, lakini sauti zake za irabu ni nyingi zaidi ya hizo, na maandishi yake mara nyingi hayafuati matamshi. Sikio la Mswahili halina desturi ya kuzitenga sauti hizo. Kwake, "ship", yaani meli, na "sheep", yaani kondoo, ni neno moja. Asomaye kwa macho peke yake hujitungia matamshi yake mwenyewe, na siku atakapomsikia Mwingereza hatafahamu hata maneno ayajuayo.

Dawa yake ni imla. Tafuta masimulizi mafupi yaliyonaswa sauti, yenye maandishi yake. Siku hizi mashirika ya redio na ya elimu huyaweka mengi katika intaneti. Na mahali ambapo mtandao ni hafifu, kama visiwani, mtu aweza kuyapakua katika simu akiwa Kibiti au Nyamisati, akayasikiliza kwake bila mtandao. Chukua sehemu ya dakika moja, usizidishe. Sikiliza mara ya kwanza bila kuandika. Sikiliza tena, ukisimamisha kila baada ya maneno machache, na uandike usikiayo. Sikiliza mara ya tatu ujaze mapengo. Ndipo ufungue maandishi, na usahihishe kwa wino wa rangi nyingine.

Alama zile za rangi ndizo mali yako. Zitakuonyesha kwamba kosa lako halitapakai ovyo, bali lina mahali pake: labda hukusikia viishio vya maneno, labda yale maneno madogo yaunganishayo yalikupita kabisa. Mwisho, soma kwa sauti pamoja na msemaji, ukimfuata kama mtu afuataye nyayo njiani. Dakika moja iliyofanyiwa hivi yafaa kuliko saa nzima ya redio inayonguruma huku mtu anakula.

Njia ya pili: kufasiri kwenda na kurudi

Njia hii ni ya kale. Roger Ascham, Mwingereza aliyekuwa mwalimu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliieleza katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1570, yeye akiwa amekwisha kufa. Alimtaka mwanafunzi achukue maneno ya Kilatini ya Cicero, ayafasiri kwa Kiingereza katika daftari moja. Kisha kitabu kifungwe. Na baada ya muda mwanafunzi atazame Kiingereza chake tu, akirudishe katika Kilatini katika daftari la pili. Ndipo kitabu kifunguliwe, na Kilatini cha mwanafunzi kiwekwe kando ya kile cha Cicero. Kwa hila hiyo njema, kitabu kilichokuwa bubu hugeuka kuwa msahihishaji.

Kwetu yaweza kufanywa hivi. Chagua aya moja ya Kiingereza, ya mistari mitano au sita, katika kitabu cha shule. Jiografia yafaa sana. Ifasiri kwa Kiswahili chema, si Kiswahili cha neno kwa neno. Kesho yake funga kitabu, ukirudishe Kiswahili chako katika Kiingereza. Kisha linganisha.

Hapo ndipo tofauti za lugha zijitokezapo. Mswahili husema "Nasikia baridi". Akirudisha neno kwa neno ataandika "I hear cold", na kitabu kitamwonyesha kwamba Mwingereza hasikii baridi kwa masikio. Mzungu naye kwa njia hiyo hiyo hutuambia "Mimi ni njaa", tukacheka. Kosa ni moja: kila mmoja amevaa nguo za lugha yake katika nyumba ya mwenzake.

Hapo pia ndipo tuonapo kwa nini maneno yasikaririwe moja moja. Mkulima wa Rufiji hupanda mpunga, huuza mchele, hula wali. Mwingereza kwa yote matatu husema neno moja, "rice". Mgeni aliyekariri katika orodha yake kwamba "rice" ni wali, atakuambia kwamba jirani amepanda wali shambani. Sisi nasi tunao mkono mmoja kutoka begani hata vidoleni, na Mwingereza anayo majina mawili, moja la kiganja na vidole, moja la kutoka begani hata kifundo. Maneno ya lugha mbili hayalingani kama sahani na kifuniko chake. Kwa hiyo katika daftari iandikwe sentensi nzima, kama ilivyokuwa kitabuni.

Kwa wale wapendao vitabu vilivyokwisha kufasiriwa, vipo. Injili zapatikana kwa lugha nyingi, mistari yake ina hesabu, na kulinganisha ni rahisi. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, alifasiri "Mashimo ya Mfalme Sulemani" kutoka Kiingereza cha Rider Haggard. Mwalimu Julius Nyerere alifasiri "Julius Caesar" ya Shakespeare, tafsiri yake ikatoka mwaka 1963, na "Mabepari wa Venisi" ikatoka mwaka 1969. Lakini nachelea kumpa mwanafunzi wa kwanza Kiingereza cha Shakespeare. Ni cha zaidi ya miaka 400 iliyopita, na akiandika hivyo barua ya kuomba kazi, atasomwa kwa mshangao. Aanze na maneno ya leo, kisha apande.

Njia ya tatu: kasha la karatasi

Msahihishaji wa tatu ni wa kumbukumbu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alitoa kitabu juu ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima kiasi kilichobaki. Aliona kwamba usahaulifu huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo: baada ya saa moja hivi akiba ilikuwa chini ya nusu, na baada ya mwezi ilikuwa kama sehemu moja katika tano. Kwa hiyo akaririye mara ishirini usiku mmoja kisha akaacha, amejaza maji katika kikapu. Akumbushaye kidogo kidogo, siku kwa siku, huiziba mianya.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieleza chombo rahisi cha kazi hii. Pata kasha la boksi, lile la sabuni latosha, uligawe vyumba vitano. Kata karatasi ngumu ndogo ndogo. Upande mmoja andika sentensi ya Kiswahili, upande wa pili ya Kiingereza. Zote huanza chumba cha kwanza. Soma Kiswahili, sema Kiingereza kwa sauti, kisha geuza utazame. Ukipata, karatasi huhamia chumba cha pili, ukikosa, hubaki. Chumba cha kwanza kipitiwe kila siku, cha pili kila siku ya tatu, cha tatu kila juma, cha nne kila nusu mwezi, cha tano kila mwezi. Karatasi ikikosewa popote, hata kama ilifika chumba cha tano, hurudi cha kwanza bila huruma.

Uzuri wa kasha ni kwamba halijui kubembeleza. Mtu huona raha kurudia ayajuayo, kama mtoto arudiaye wimbo mmoja. Kasha humrudisha kwa yale asiyoyajua. Siku hizi ziko programu za simu zifanyazo kazi hiyo hiyo, nazo ni njema. Lakini kasha la karatasi halihitaji umeme wala mtandao, na kwa vijiji vingi vya visiwani hilo si jambo dogo. Sharti moja tu: karatasi mpya zisizidi tano kwa siku. Haba na haba hujaza kibaba. Gunia likimwagwa mara moja, kibaba hufurika na mchele hupotea.

Njia ya nne: mwenzi

Njia tatu hizi huwezekana upwekeni. Ya nne haiwezekani, nayo ndiyo iliyo bora, maana hakuna kitu kishikacho mahali pa mtu. Si lazima awe Mwingereza. Awe mwanafunzi mwenzako aliyekutangulia hatua moja, au mwalimu wakati wa jioni, au mgeni apitaye Nyamisati akiingoja boti ya kwenda Mafia. Kuuliza si ujinga.

Lakini hapa pana kizuizi kilichomo katika desturi zetu wenyewe, nacho hakitajwi katika vitabu vya Wazungu. Kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa hadharani; na hata rafiki, akisikia kosa, huliacha lipite kwa adabu. Adabu hiyo ni nzuri katika baraza, lakini katika kujifunza lugha humwibia mtu mali yake. Basi ajifunzaye na atoe ruhusa kwa maneno wazi. Mzee anayejifunza kwa kijana aseme: "Mwanangu, nikikosea niambie, hutakuwa umenivunjia heshima." Na ruhusa hiyo iwe na mpaka, ili mazungumzo yasigeuke kuwa mtihani: leo nisahihishe matamshi tu, kesho nyakati za vitenzi. Naye asahihishwaye asikasirike wala asijitetee, bali arudie sentensi nzima kwa usahihi, kisha aendelee. Kosa moja haliachi mke.

Kuna na mwenzi mpya, ndiye programu ya simu au ya kompyuta izungumzayo na kusahihisha. Nisingependa kumzuia mtu asiitumie. Kwa kijana wa kisiwani ni msaada ambao Krapf hakuuota. Ila na aikumbuke sheria ya mashahidi wawili. Programu huweza kukosea kwa sauti ile ile ya uhakika itumiayo inaposema kweli. Neno likikutia shaka, liulize kamusi, au kitabu cha shule, au mwalimu. Wakipatana, lichukue.

Jambo lililo kinyume chake

Hata hapa nimesema juu ya Kiingereza, lugha yenye vitabu vingi na wasemaji wachache karibu nasi. Katika nchi hii hii ya Kibiti na Rufiji iko lugha ambayo hali yake ni kinyume: Kindengereko. Hicho kina wasemaji katika vijiji vyetu, lakini vitabu vyake vyahesabika kwa vidole. Mtaalamu mmoja wa Sweden, Eva-Marie Ström, alikuja kukaa na wasemaji wake, akajifunza kwao, na mwaka 2013 akatoa sarufi ya lugha hiyo katika Chuo Kikuu cha Gothenburg. Aliona kwamba vijana wanazidi kukiacha Kindengereko na kushika Kiswahili. Ajabu ya jambo hili ni kwamba mgeni wa kutoka mbali kule alifanya yale aliyofanya Steere, yaani alikwenda kwa wenye lugha na kusikiliza. Na mjukuu akaaye nyumba moja nao hajafanya.

Kwa kijana huyo Kindengereko kimekuwa lugha ya kigeni, ingawa ni ya bibi yake. Basi njia ni zile zile, ila mpangilio hugeuka. Kwa Kiingereza twaanza na kitabu na kumtafuta mtu; kwa Kindengereko tuanze na mtu, na kitabu tukiandike sisi. Simu ile ile inayopakua masimulizi ya Kiingereza yaweza kunasa sauti ya mzee akisimulia habari ya mafuriko, au namna ya kumlinda ndege asile mpunga, au ngano ya watoto. Baada ya kunasa, andika kama imla, kisha keti naye akusahihishe neno kwa neno. Mwambie: "Bibi, nikikosea unicheke, kisha uniambie." Atafurahi.

Tofauti moja tu iko kati ya lugha hizi mbili, nayo ni nzito. Kiingereza kitamngoja mwanafunzi. Asipokijua mwaka huu, vitabu vitakuwapo mwakani, na wasahihishaji wataongezeka. Msahihishaji wa Kindengereko ni mzee wa miaka themanini aliyeketi barazani, wala hana nakala. Kwa hiyo atakaye kuzijua zote mbili, kasha lake la karatasi na alianze leo kwa lugha ya shule, na jioni hii hii aende kwa mzee akiwa na daftari.